Sukari ya ORS si ya ladha, mama

Aarhus, Denmark

Mama, shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimepata ujumbe wako kwamba mtoto wa Mwanaisha anaharisha, na shangazi amekataza ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, kwa kuwa ina sukari, eti itamzidishia tumbo. Shangazi namheshimu sana, lakini hili ndilo ninalolisoma huku na siwezi kulinyamazia.

Seli za utumbo zimezungukwa na utando wa mafuta. Chumvi ikiyeyuka hugeuka ayoni za sodiamu na kloraidi, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na hizo hazipenyi mafuta. Hupita kwenye milango ya protini. Katika utumbo mdogo kuna mlango usiopitisha sodiamu peke yake. Ayoni mbili za sodiamu huingia pamoja na chembe moja ya glukosi, yaani sukari, kisha maji hufuata. Ukiondoa sukari, njia hiyo umeifunga.

Sumu ya kipindupindu hufungulia njia nyingine, ya kloraidi. Kloraidi humwagika utumboni, sodiamu na maji vikaifuata, na mtu mzima mwenye nguvu zake akanyauka kwa saa chache. Ila ule mlango wa sukari na sodiamu hubaki salama, na hapo ndipo ORS inapopitia. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis alipungukiwa na dripu, akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Niliposoma habari hiyo mwili ulinisisimka.

Sodiamu hukubali kuingia kwa sababu ndani ya seli ni chache. Upande unaoelekea damu kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, haipumziki, kama baharia anayekumba maji kwenye ngalawa inayovuja. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou, hapa hapa Aarhus, 1957, kwa kuchunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Kaa, mama! Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Basi mwambie Mwanaisha achanganye pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, wala asiongeze sukari, maana ikizidi huvuta maji ya mwili yakaingia utumboni. Maji yachemshwe yapoe, na yasiwe ya kile kisima cha uani, yana chumvi tayari. Pakiti zikikosekana: maji lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Ampe kidogo kidogo, aendelee kumnyonyesha, na zahanati aulizie vidonge vya zinki. Macho yakididimia, au mtoto akilegea au asikojoe, wasingoje kukuche. Wampeleke hospitali usiku huo huo.

Nitapiga simu leo baada ya magharibi ya huko. Tafadhali msomee shangazi barua hii yote.

Mwanao,
Salim