Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi wa Chumba cha Wachanga

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: MAJINA NA MICHEZO YA WATOTO

Salaam. Tunafunga Ijumaa hii saa sita mchana. Habari za ada zimo kwenye karatasi ya mhasibu. Mimi nina jambo jingine.

Muhula huu tulipokea mtoto wa miezi minane ambaye akiitwa hageuki. Walezi wakaanza kuhofia masikio yake. Jioni moja bibi yake akaita kutoka mlangoni, "Babu!" Mtoto huyo akatupa njuga na kutambaa mbio kuelekea mlangoni. Kumbe amerithi jina la babu yake, na nyumbani hakuna anayetumia lile la kwenye cheti. Watoto hulitambua jina lao hata kabla ya kufikisha nusu mwaka, ila ni lile wanaloitwa kila siku. Sasa naye ni Babu kwetu, na katika wimbo wa asubuhi tunamtaja hivyo.

Mmeuliza pia kwa nini kioo tumekibandika chini kabisa, usawa wa mkeka. Wa miezi kumi humbusu "mwenzake" aliyemo, kisha huchungulia pembeni kumtafuta. Ukimpaka doa puani bila yeye kujua, haligusi. Wengi huanza kujigusa pua, yaani kutambua kuwa aliye kiooni ni wao wenyewe, wakiwa na miezi 18 hadi 24. Jaribio hili lilichapishwa mwaka 1972 na limerudiwa mara nyingi. Wa kwako asipojigusa leo hajachelewa, na tafadhali msiwashindanishe kwenye grupu la WhatsApp.

Kwa wanaosema hapa wanacheza tu: ndiyo, wanacheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi na ndugu zake. Kichanga haki hiyo anaionja akiitwa, akionyeshwa sura za watu wake, akifunikwa uso kwa kanga na kufunuliwa huku tunamuuliza yuko wapi.

Tukifungua, naomba mlete jina analoitwa nyumbani, picha za watu anaoishi nao (mjomba na dada wa kazi wasisahaulike), na wimbo wa kumbembelezea. Ukiwa wa Kihaya au Kisukuma, tuimbieni kwenye simu, tutajifunza.

Na nguo za kubadilisha ziandikwe majina. Kapu la zisizo na wenyewe limejaa.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu