Barua kuhusu teksi za kuchangia

Malindi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Nyumbani sote hatujambo.

Umeniuliza kama watu wa Nairobi watakubali teksi ya kuchangia, ile ya kuitwa kwa simu kisha ikachukua wengine njiani. Kupanda pamoja wamekuzoea kitambo. Matatu ya viti 14 ni nini basi? Wanachokikimbia ni kutojua watafika saa ngapi.

Tazama steji ya hapa. Abiria wa Mombasa hukaa ndani ya Nissan muda mrefu bila kununa, kwa sababu viti vitupu anaviona na makanga anaita, "Bado wawili, twaondoka!" Kwenye simu haoni kitu. Gari likipinda kumfuata mtu wa pili, huhisi kaibiwa wakati wake. Na hesabu ni kali: safari ya dakika 25, kila abiria akiongeza dakika 5 za kuzunguka na kungoja, wawili tu wameifikisha 35. Punguzo la shilingi 50 halimtulizi mtu anayewahi kazini.

Kwa hiyo usimfuate abiria mlangoni. Weka vituo barabara kuu, dereva angoje dakika 2, aondoke. Watalalamika, lakini usilegeze: ukimngoja mmoja unawachelewesha watatu. Simu ioneshe nafasi zilizobaki na saa ya kufika, na nauli isibadilike njiani.

Usitawanye magari mji mzima. Helsinki, kule Finland, walianzisha Kutsuplus mwaka 2012, mabasi madogo ya kuitwa kwa simu. Yalikuwa 15 tu kwa eneo kubwa, ikawa shida kuwakutanisha wanaokwenda njia moja, na ruzuku ya kila safari ikawa nzito. Mwisho wa 2015 yakafungwa. Wewe shika njia moja, tuseme Rongai hadi Upper Hill, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, uijaze kwanza.

Jambo la kurudi ndilo wengi hulisahau. Mtu hukataa gari la asubuhi kwa kuhofia jioni: bosi akimchelewesha, atarudi na nini? Tenga gari la mwisho la saa 3 usiku, hata likienda na abiria wawili. Wanawake nao waoneshwe mapema jina la dereva na namba ya gari, na waweze kumtumia mtu wa nyumbani safari ilipofika. Bima iwe ya magari ya abiria. Ya gari binafsi haitamlinda anayelipa nauli.

Nakusihi usiwaulize watu, "Je, utatumia?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. Uliza jana asubuhi alisafirije, alilipa ngapi, alingoja wapi. Kisha mwombe alipe nauli ya wiki moja kwa M-Pesa, irudishwe gari lisipokuja. Hao watakaolipa ndio wateja wako.

Ukishawapata, niandikie saa walizochagua na vituo vyao, tupange magari mangapi yanatosha.

Wasalaam,
Sahibu yako