Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa BBC: Kifungua mimba wenu ni Pinwright

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Dar es Salaam, kwa msikilizaji aliyezeeka na Idhaa yenu ya Kiswahili. Leo sina neno na redio. Nimekuja kumsemea marehemu asiye na kaburi.

Novemba 29, 1946, kutoka studio za Alexandra Palace, London, BBC ilirusha Pinwright's Progress, komedi ya kwanza ya mfululizo katika televisheni ya Uingereza. Nusu saa, kila baada ya wiki mbili, vipindi 10 basi. Mei 16, 1947 ikaisha. James Hayter aliigiza Bwana Pinwright, mwenye kiduka kinachojiona duka kubwa. Ana mshindani ambaye hawapikiki chungu kimoja, na wafanyakazi ambao kila wakimsaidia ndivyo wanavyozidi kumharibia. Tarishi wake ni kikongwe wa miaka 80 na ushei, tena kiziwi! Hebu mtume huyo na ujumbe wa haraka. Aliyewahi kumwachia binamu duka hahitaji kuelezwa zaidi.

Hakuna kipindi hata kimoja kilichobaki. Lakini kanda hakufuta mtu, hilo nawaondolea lawama. Yote yaliigizwa mubashara, na mtindo wa kuipiga filamu picha iliyoko kwenye kioo cha runinga ulishika mwishoni mwa 1947, Pinwright akiwa ameshafunga duka. Zimebaki picha za mnato tu.

Kinachoniuma ni hesabu. Mwaka 2016 mlifanya msimu mzima wa komedi kuadhimisha miaka 60 tangu komedi yenu nyingine, Hancock's Half Hour, iingie kwenye televisheni. Mkaigiza upya hata vipindi vilivyopotea, cha Hancock, cha Steptoe and Son na cha Till Death Us Do Part. Kazi nzuri, sikatai. Lakini mwaka huohuo Pinwright alitimiza 70. Mtoto wa kwanza yupo, umri wa nyumba unahesabiwaje kuanzia kwa mdogo wake?

Novemba 29, 2026 ni miaka 80. Rudini Alexandra Palace, jengo bado lipo, muigize nusu saa moja ya duka lile, mubashara kama zamani; atakayesahau maneno asahau mbele yetu. Na jina la mwandishi, Rodney Hobson, lisomwe kwa sauti kabla ya onyesho, lisiachwe kwenye yale maandishi madogo yanayokimbia mwishoni.

Idhaa ya Kiswahili nao waiteni. Yule tarishi kiziwi tunaweza kumwigiza wenyewe, bure.

Wenu,
Msikilizaji wa Dar es Salaam