Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu: Turudishieni Nyalali kwa Kiswahili

Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,

Salaam na heshima nyingi.

YAH: KUTAFSIRI HUKUMU ZA JAJI NYALALI NA KUITOA TENA TAARIFA YA TUME YAKE

Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale tunaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wakili si mimi. Joho sina, na mbele ya hakimu siruhusiwi kumsemea mtu. Kazi yangu inafanyika kabla shauri halijafika kwenu: kwenye benchi la ofisi ya kata, kwenye kivuli nje ya baraza, na mara nyingine kwa simu wakati watu wameshalala. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba wanakihitaji wengi, na nikikileta kwa barua ya kawaida kitakaa masjala.

Ombi lenyewe ni hili. Mahakama itafsiri kwa Kiswahili hukumu kuu za marehemu Jaji Francis Nyalali, kwa lugha ambayo aliyeishia darasa la saba ataisoma bila mkalimani. Kisha, kwa kushirikiana na Wizara ya Katiba na Sheria, taarifa ya Tume aliyoiongoza mwaka 1991, ile iliyowauliza wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, itolewe tena kwa umma, kwa karatasi na kwa simu. Basi. Siombi sanamu, na siombi ukumbi upewe jina lake.

Nyalali alikuwa Jaji Mkuu kuanzia 1977 hadi 2000, miaka 23, na hakuna Jaji Mkuu mwingine wa nchi hii aliyekaa muda huo. Alikuta Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki inasambaratika pamoja na Jumuiya, akaongoza kuanza kwa Mahakama yetu ya Rufani mwaka 1979. Vijana waliozaliwa baada ya yeye kufariki mwaka 2003 wameshapiga kura. Waulize Nyalali ni nani. Atakayejibu atakutajia "Tume ya Nyalali", basi, kama vile mtu mwenyewe alikuwa kikao.

Nianze na Bi Hawa Mohamed, maana ndiye ninayekutana naye kila wiki kwa majina tofauti.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisikiliza rufaa yake dhidi ya Ally Sefu, aliyekuwa mumewe, na hukumu ikaandikwa na Nyalali. Ndoa ilikuwa imevunjika, na mali iliyogombaniwa ilikuwa imepatikana kwa fedha za mume. Bi Hawa hakuwa na mshahara, alikuwa mama wa nyumbani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema kupika na kufua ni wajibu wa mke tu, hakuingii kwenye hesabu. Wapo waliosema kunaingia. Nyalali akaumaliza ubishi huo: kazi za nyumbani ni mchango, na Sheria ya Ndoa ilitungwa ili kumtoa mke katika unyonge aliokuwa amewekwa na mila.

Jambo ambalo wengi wanaoinukuu kesi hii hulisahau ni kwamba Bi Hawa alishindwa. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, mradi haukusimama na fedha zikapotea, na Mahakama ikaona fungu lake alishalipokea. Akaondoka mikono mitupu. Kila mwanamke wa Tanzania aliyepata chochote kwa ajili ya jasho lake la jikoni amekipata kupitia kwa mama ambaye mwenyewe hakupata kitu.

Sasa nikupeleke kwenye baraza moja la usuluhishi la kata, ambalo sitalitaja. Mke amekuja kutafuta fomu namba tatu ili apeleke shauri la talaka mahakamani. Mume anamwambia mbele ya wajumbe: "Ulikuja na begi, utaondoka na begi." Wajumbe wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu walioona hoja imekaa. Mke kimya, anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Nikaomba nafasi nikasema lipo jambo lilishaamuliwa na Mahakama ya Rufani tangu 1983. Mwenyekiti, mzee mwenye busara zake, akauliza limeandikwa wapi. Nikampa nakala. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia. "Tusomee basi, mwanangu, hiki ni Kizungu." Nikawasomea kwa Kiswahili changu cha kuungaunga, na mume akadakia: "Hayo ni maneno yake huyu, si ya mahakama."

Mheshimiwa, yule bwana alikuwa na haki ya kusema hivyo. Maneno yalikuwa yangu. Maneno ya Mahakama yalikuwa kwenye karatasi ambayo hakuna hata mmoja pale ndani, ukiniondoa mimi, aliyeweza kuyafikia.

Na wanawake nao wanaumia kwa upande wa pili. Wengi wameshaambiwa mtaani kwamba sheria ni nusu kwa nusu, mtu anauza mbuzi kwa ajili ya nauli akijua nyumba itakatwa katikati. Hukumu haisemi hivyo. Inataka mchango upimwe. Mama angeisoma mwenyewe angejua aandae nini: nani alisimamia mafundi, nani aliuza vitumbua ili watoto wasome wakati mume ananunua tofali. Angekwenda na mashahidi badala ya kwenda na machozi.

Nihamie kwenye demokrasia, maana urithi wa Nyalali una miguu miwili.

Mwalimu Nyerere alishaufungua mjadala wa vyama mwaka 1990. Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi akaunda Tume, Jaji Mkuu akiwa mwenyekiti. Wakazunguka Bara na Visiwani. Zaidi ya watu 36,000 wakatoa maoni, na karibu asilimia 80 wakataka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa wapata asilimia 20, ingawa Zanzibar uwiano wao ulikuwa mkubwa zaidi. Mtu wa kawaida angefunga daftari hapo. Tume ikapendekeza vyama vingi.

Pendekezo hilo la vyama vingi likakubaliwa, Katiba ikabadilishwa, na Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992 ikaanza kutumika Julai 1 mwaka huo.

Nimesikia watu wakiitumia habari hii kwa namna mbili, na zote zinanikera. Wa kwanza husema: mnaona, wananchi hawakutaka vyama vingi, vililetwa na wakubwa. Wa pili husema: mnaona, wakubwa wana hekima kuliko wananchi. Wote hawajaisoma taarifa. Tume haikuhesabu mikono tu, ilisikiliza waliochagua chama kimoja walitaka chama cha namna gani. Wengi wao walidai mabadiliko makubwa ndani ya mfumo, na mabadiliko hayo yasingewezekana mfumo ukibaki ulivyo. Na mtu mmoja kati ya kila watano si wa kupuuzwa. Hoja hiyo unaweza kuikataa. Kuna mzee mmoja wa baraza, rafiki yangu, anaikataa mpaka leo na hoja zake si za kijinga: anasema ukishaanza kumtafsiri mpiga kura, utamtafsiri mpaka aseme unalotaka wewe. Mjadala wa namna hiyo ndio ningependa kuusikia kwenye madarasa ya kidato cha tatu. Badala yake mtoto anakariri mwaka 1992, anauandika kwenye mtihani, anapata alama, yamekwisha. Mwalimu angewapa takwimu zile, akawagawa wakae kama Tume, akawaambia waamue na watoe sababu, wangejifunza demokrasia kwa kipindi kimoja kuliko kwa muhula mzima wa tafsiri za maneno.

Taarifa ile ilitolewa kwa Kiswahili pia, maana wananchi waliohojiwa walizungumza Kiswahili. Hilo ndilo linaloniuma. Haihitaji hata mtafsiri. Inahitaji mtu wa kuitoa kabatini.

Iko sehemu yake ambayo najua haitampendeza kila mtu serikalini. Tume ilitaja sheria 40 ambazo iliona zinabana haki na zinapaswa kufutwa au kurekebishwa: ile ya 1962 ya kuweka watu kizuizini, ile ya kikoloni ya kuwahamisha watu kwa nguvu, ile ya Nguvu Kazi ya 1983, ile ya Magazeti ya 1976. Baadhi zimefutwa. Nyingine zimefutwa jina, roho yake ikavaa nguo mpya. Ikapendekeza pia muundo wa serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, jambo ambalo Kamati ya Jaji Kisanga ililirudia mwishoni mwa miaka ya 1990 na Tume ya Jaji Warioba ikalirudia tena 2013. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu serikali tatu. Kinachonishangaza ni kwamba majaji watatu, kwa nyakati tatu, waliambiwa wakawasikilize wananchi, wakarudi na jibu linalofanana, na wananchi wenyewe hawana nakala ya walichokisema.

Naomba pia elimu hii isimfanye Nyalali mtakatifu. Alikuwa Jaji Mkuu katika miaka ambayo Katiba haikuwa na Sura ya Haki za Binadamu, hadi ilipoingizwa mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikafungwa mikono zisiitumie mpaka Machi 1988. Watu wana haki ya kuuliza alifanya nini kabla ya hapo. Na katika kuitumia Sura hiyo, waliotangulia mbele mara nyingi walikuwa majaji wa Mahakama Kuu, hasa James Mwalusanya. Mwaka 1990, akiwa Mwanza, Mwalusanya ndiye aliyeamua shauri la Holaria Pastory, mama wa Muleba aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akapinga kwa sababu mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema Katiba haimjui mpwa kuliko shangazi, au kwa maneno yenye adabu zaidi, kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi na mama ana haki ile ile aliyonayo mwanamume wa ukoo. Jaji huyo huyo aliamua shauri la dhamana la Daudi Pete. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Nyalali na wenzake wakakubali kwamba kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichozuia dhamana kwa baadhi ya makosa, kilikuwa batili, ingawa kwa sababu zao tofauti na zake. Hapo mwananchi ataona majaji wakibishana kwa hoja. Na kwa kuwa dhamana ilirudi tena Mahakama ya Rufani mwaka 2020, na safari hiyo mwelekeo ukawa mwingine, ataona pia kwamba haki haikupatikana siku moja ikafungiwa sandukuni.

Mheshimiwa, najua kila mwaka kuna Wiki ya Sheria. Nimeshiriki, nimevaa fulana, nimetembea kwenye matembezi, nimegawa vipeperushi. Si kazi bure, watu wanasaidiwa. Lakini tazama kinachofundishwa mle mahemani: namna ya kufungua mirathi, namna ya kukata rufaa, muda wa ukomo, ada. Ni elimu ya kupita mlangoni. Elimu ya kwa nini mlango upo hatuitoi, na mwananchi asiyeijua hiyo ya pili ndiye anayeamini kwamba hakimu akimpa dhamana jirani yake lazima kuna bahasha imepita.

Kisheria njia iko wazi. Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na majaji kadhaa wanaandika hukumu kwa Kiswahili kizuri tu. Wanaotafsiri sheria wapo. Kilichobaki nyuma ni hukumu za zamani, na sisi huku chini tunaishi kwa hukumu za zamani. Zianze chache. Ukweli wa kesi ilivyokuwa, swali lililobishaniwa, jibu, na sababu. Ziwe na muhuri wa Mahakama, ili mume wa kwenye baraza asije akasema ni maneno yangu. Kila mahakama ya mwanzo ipate nakala ya kubandika ubaoni, pale karani anapobandika orodha ya mashauri, maana pale watu husimama saa nzima bila cha kusoma. Redio za jamii zitazisoma bila kuombwa mara mbili.

Zikiwa tayari kwa rasimu, zileteni kwetu kabla hazijachapwa. Wasaidizi wa kisheria tutazisoma kwa sauti kwenye mabaraza, na pale wazee watakapokunja uso tutaweka alama na kuzirudisha. Malipo hatudai.

Na kama zote haziwezekani kabla ya Wiki ya Sheria ijayo, tunaomba ile moja ya Bi Hawa. Kurasa zake si nyingi.

Wako katika utumishi,

Msaidizi wa kisheria,
Mkoa wa Mwanza

Nakala: Waziri wa Katiba na Sheria