Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: mtungi wa gesi wa kilo 6 hauyawezi maharage

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mama lishe, niko Buguruni, Dar es Salaam, mwaka wa 19 sasa. Nauza wali maharage, ugali maharage, na nyama kwa anayeimudu. Kila siku napika kilo 5 za maharage makavu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwanangu anasoma chuo Morogoro. Likizo iliyopita alinisomea kwenye simu habari za utafiti wa 2018 uliotoka katika jarida la Science, uliokusanya takwimu za mashamba 38,700 hivi kwenye nchi 119. Walipima gesi zinazoipasha dunia joto. Ukitafuta gramu 100 za protini kwa ng'ombe wa nyama, kwa wastani wa dunia unazalisha kama kilo 50 za gesi hizo. Ukizitafuta kwenye maharage na ndugu zake, kilo moja haifiki. Nikafurahi kweli, nikajiona mtunza mazingira. Kisha nikamuuliza: hao wataalamu walihesabu mpaka jikoni? Akarudi kusoma. Kumbe hesabu inaishia dukani.

Sasa mimi naanzia hapo walipoishia.

Maharage mapya, niliyoyaloweka tangu jana usiku, yanaiva kwa saa moja na nusu. Ya msimu uliopita, yaliyolala kwenye ghala lenye joto, yanakaa jikoni masaa matatu na bado yanagonga jino. Balaa kubwa ni mchanganyiko: gunia moja lina ya juzi na ya mwaka juzi, kwa hiyo nusu yameshakuwa uji na nusu bado kokoto. Tukitia magadi yanalainika, lakini mteja anaonja na kuuliza kama leo tumepikia sabuni. Siku ya maharage mabishi natumia debe zima la mkaa. Kwenye tanuri la kufukia udongo, kilo moja ya mkaa inakula kilo 6 hadi 8 za kuni, kwa hiyo sufuria yangu ya maharage imemeza kama kilo 40 za miti, ya Kisarawe au ya Rufiji, mwenye baiskeli ndiye anayejua. Najua mashamba mapya yanafyeka misitu kuliko sisi wapishi. Lakini mkaa wa Buguruni nauona kwa macho yangu kila alfajiri.

Mheshimiwa, sipingi nishati safi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na tangu Januari 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wa ruzuku ninao. Nachemshia chai, nakaangia mayai, napikia chapati. Niliujaribu kwa maharage pia: siku ya tano ukaisha, nikarudi kwenye mkaa nikiwa nimeshakula mtaji. Mtungi ule ni wa chakula cha dakika 20. Ndiyo maana vijana wa chipsi wanausifu.

Kilichonishangaza ni sufuria ya umeme ya presha ya jirani yangu, ya lita 6. Niliazima Jumapili moja, nikatia kilo moja ya maharage yaliyolowekwa, na kabla ya saa nzima kuisha yalikuwa yameiva. Tuliangalia mita: nusu uniti hivi. Hata kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwemo, nusu uniti haifiki shilingi 200. Mkaa wa kilo moja ya maharage siupati kwa hela hiyo.

Kwa hiyo bei ya umeme siyo iliyonishinda. Kilichonishinda ni kwamba kibanda changu hakina LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa sababu eneo si langu na kila ninayemwomba anataka karatasi ya mwenye eneo. Na sufuria ya lita 6 kwa kilo 5 ni mizunguko mitano. Wateja wa saa nne hawasubiri mzunguko wa tatu. Bwawa la Julius Nyerere, kule kule Rufiji mkaa unakotoka, lina uwezo wa megawati 2,115. Naomba kidogo tu kifike kwenye vibanda vya sokoni: mita ya pamoja kwa kila safu ya mama lishe, na sufuria kubwa za presha zipate ruzuku kama ilivyopata mitungi.

Tena naomba uzungumze na mwenzako wa Kilimo. Watafiti wa TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kule Mbeya, wanatoa mbegu nzuri za maharage, na mkulima anaambiwa zinazaa kiasi gani na zinastahimili magonjwa gani. Mimi mpishi nataka kuambiwa zinaiva kwa dakika ngapi, na gunia liandikwe msimu wa mavuno. Ruzuku yote ya majiko inaishia kwenye kokoto kama maharage yenyewe ni ya mwaka juzi.

Mkitaka kuja kuona, karibuni saa kumi na moja alfajiri, sufuria ikiwa ndiyo kwanza imebandikwa. Saa nne mtanisamehe, sitakuwa na nafasi ya kuongea na mtu.

Wako,
Mama lishe, Buguruni