Kabla hujapanda Kibosho na hiyo Land Rover

Kibosho, Moshi
12 Oktoba

Mwalimu, rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi kutoka mgombani. Mama watoto anakusalimu, na yule ng'ombe uliyemwacha na mimba amezaa ndama jike. Mengine tutaongea ukija.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno moja ulilolisema kwenye simu Jumapili, ukalipita haraka kama jambo dogo: kwamba hendibreki ya Land Rover ya marehemu mzee unaivuta siku hizi mpaka inasimama wima, na bado unalazimika kuweka jiwe. Neno hilo limeninyima usingizi. Umesema Desemba mtapanda huku na watoto. Kwa hali hiyo ya gari, nakuomba usipande.

Sikukusimulia yaliyonikuta masika yaliyopita. Niliegesha Land Rover yangu hapa juu ya nyumba, pale njia inapoinama kuelekea kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia. Nikavuta hendibreki, nikaacha gari bila gia, nikaingia ndani kuchukua mwavuli. Niliposikia kishindo na kutoka, gari lilikuwa limeteremka kinyumenyume, limelaza migomba minne, na tairi moja limeingia mfongoni. Lilipita palepale mama alipokuwa ameketi anachambua maharage. Alikuwa ameinuka muda huohuo kufukuza kuku. Kigoda chake tulikikuta kimepasuka vipande. Mwalimu, nilikaa chini kwenye matope nikalia.

Kabla ya hapo nilikuwa na fundi ambaye kila nikilalamika, anaikaza pale kwenye rodi, chini ya mkono wa hendibreki. Anageuza nati, mkono unakuwa mgumu, naondoka nimeridhika. Baada ya miezi miwili unalegea, namrudia. Tulifanya hivyo miaka mitatu, na katika miaka hiyo hakuna aliyefungua dramu, lile pipa la chuma linalofunika viatu vya breki, kuangalia ndani. Nina hakika na lako linafanyiwa hivyohivyo.

Tusilichukulie gari hili kama Corolla. Kwenye Land Rover hizi za zamani, kuanzia zile za mzee wangu za miaka ya 60 hadi Series III kama yako, hakuna waya wa hendibreki unaokwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Dramu ya hendibreki ni moja tu, ya inchi 9, na imefungwa nyuma ya transfa, lile sanduku la pili la gia, pale inapoanzia propela ya nyuma, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Ukivuta mkono, viatu viwili vya breki vinatanuka ndani ya dramu na kuishika propela isizunguke. Propela ikishikwa, magurudumu ya nyuma nayo yanashikwa kupitia difu, zile gia za katikati zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo watu wengi hawaijui. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma ukategemea hendibreki, umejidanganya. Propela imeshikwa, ndiyo, lakini difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande mmoja na lile lililo chini lizunguke upande wa pili. Gari linatembea na kukuangukia huku mkono umevutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla hujalala chini yake, tafuta mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma ya kila tairi, na weka stendi imara. Jeki peke yake usiiamini. Mimi nililiteremsha mpaka uwanjani kwa shemeji, Njoro, kwa sababu huku kwetu hakuna tambarare inayotosha hata meza.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kulegeza zile rodi zilizokazwa na fundi. Zikiachwa zimevutika, viatu vinabaki vimetanuka nusu muda wote, na utakachopima baadaye kitakuwa cha uongo. Kisha ingia chini, uangalie sahani iliyobeba viatu: utaona skrubu ya kurekebishia yenye kichwa cha mraba. Pengine imeshika kutu, ipakie dizeli usiku kucha. Ukiizungusha kuelekea mkono wa saa, viatu vinasogea kwenye dramu. Kaza mpaka viguse, halafu rudisha nyuma mpaka usikie "tak" mbili. Vuta hendibreki kwa nguvu mara kadhaa ili viatu vikae katikati, kisha iachie. Weka transfa katikati, nyanyua gurudumu moja la nyuma, ulizungushe kwa mkono: dramu izunguke pamoja na propela bila kukwaruza. Ikikwaruza, rudisha "tak" moja zaidi. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye rodi, uondoe ule ulegevu tu uliobaki kwenye mkono.

Hiyo ni kama viatu ni vizima. Vyangu havikuwa vizima. Nilipofungua nati nne za propela na zile skrubu ndogo, nikagonga dramu taratibu kwa kipande cha mbao, ilitoka ikiwa imelowa oili nyeusi. Sili ya shafti ya transfa, ile pete inayozuia oili isivuje, ilikuwa imekufa siku nyingi, na oili yote iliyopita ilikuwa inaishia humo. Breki ya namna hiyo huwezi kuirekebisha kwa kukaza, hata ukaze mpaka rodi ikatike. Nilijaribu kuviosha viatu kwa petroli. Wiki moja vilishika, ya pili vikaanza kuteleza tena, kwa sababu oili ilikuwa imeshanywewa ndani kabisa. Nikatupa. Nikaweka sili mpya kwanza, viatu vipya baadaye, na utaratibu huo usiugeuze.

Spana utakayoihitaji kwa propela ni ya inchi, 9/16. Ya milimita 14 haiingii, ya 15 inacheza na kula kona za nati. Kabla ya kuitenganisha propela, piga alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa. Na vumbi utakalolikuta ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Futa kwa kitambaa kibichi, ukitupe. Watoto wakae mbali siku hiyo, hata kama wanapenda kukushikia spana.

Ukimaliza, jaribu kwenye kilima kifupi chenye nafasi wazi nyuma. Usiivute hendibreki gari likiwa linatembea, kwa sababu mshtuko wote unakwenda kwenye propela na difu. Simamisha kwanza kwa breki ya mguu, vuta mkono, achia mguu polepole. Langu sasa linasimama kwenye ule mteremko wa kwetu bila kusogea hata kidole. Hata hivyo naweka gia, nageuzia tairi za mbele upande wa ukuta wa udongo, na jiwe naliweka vilevile. Mama ameniona nikiliweka, hakusema kitu, ila kigoda kipya amekihamishia upande wa pili wa nyumba.

Huko Arusha sili na viatu utavipata kirahisi kuliko mimi hapa, magari haya bado ni mengi kwenu. Nunua sili mbili, moja uniletee. Na ukishafungua dramu, nipigie siku hiyohiyo uniambie umekuta oili au pakavu. Kama ni oili, nitashuka Jumamosi na basi la asubuhi, spana ninazo.

Ni mimi rafiki yako,
wa Kibosho