Mafuriko yatungiwe sheria kabla ya masika

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitofautiane na wale ambao, kila mvua ya masika inapokaribia, hudai kwamba serikali iongezewe nguvu za kuwahamisha watu kwenye kingo za mito na mabondeni. Nguvu hizo inazo tayari, na mwaka 2024 tuliziona zikitumika. Ambacho haina hadi leo ni sheria ya mafuriko inayoeleza ni nani anayetoa amri ya kuhama, amri hiyo inadumu kwa muda gani, na aliyehamishwa atalala wapi usiku huohuo.

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, na kuzoa nyumba pamoja na waliokuwamo, wakafa watu zaidi ya 40. Mei 2 Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Kithure Kindiki, aliwapa wakazi wa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 muda wa saa 24 wawe wameondoka. Hapa Nairobi waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni waliamriwa kuhama, na tingatinga zikaingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru. Kufikia mwisho wa msimu huo waliofariki kote nchini walikaribia 300.

Amri ya Mei 2 siilaumu, kwa sababu bwawa linapotishia kupasuka hakuna mwenye akili anayengojea kikao. Ila mabwawa 178 hayakuwa hatari kwa usiku mmoja. Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, Nakuru, likaua watu zaidi ya 40, na miaka sita iliyofuata ilitosha kabisa kuyakagua mengine, kuyaimarisha au kuyakausha, na kuwaonyesha walio chini yake njia ya kukimbilia. Wala si kwamba tulikosa onyo la karibu zaidi. Oktoba 2023 Rais aliwaambia Wakenya kwamba mvua kubwa ya El Niño iliyokuwa imetabiriwa haingefika, na Novemba barabara za Garissa na Mandera zilikuwa chini ya maji.

Katiba yetu inaruhusu hali ya hatari kutangazwa kwa sababu ya janga la kiasili. Kifungu cha 58 kinasema hivyo waziwazi, lakini kinaweka masharti magumu: tangazo hudumu siku 14 pekee, Bunge la Kitaifa ndilo linaloweza kuliongeza, tena kwa thuluthi mbili ya wabunge, na Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Wazee walioishi chini ya Hali ya Hatari ya mkoloni, kuanzia Oktoba 1952, hawahitaji kuelezwa masharti hayo ni ya nini. Mwaka 2024 tangazo hilo halikutolewa. Kwa hiyo sheria za kawaida ziliendelea kutumika zote, ikiwemo Sheria ya Ardhi, ambayo tangu irekebishwe 2016 inataka hata anayekalia ardhi kinyume cha sheria apewe notisi ya miezi mitatu kabla ya kufurushwa.

Nitajibiwa kwamba mto uliofurika hausubiri miezi mitatu. Ni kweli, na ndiyo maana mtu aondolewe hata kwa kubebwa. Lakini kumwondoa mtu kwenye maji na kuibomoa nyumba yake ni mambo mawili, na hilo la pili halikuokoa roho ya yeyote. Upande wetu wa mto niliona mabati yamekunjwakunjwa na tingatinga kama karatasi, hayafai tena kuezekea hata kibanda cha kuku. Kwa mpangaji wa chumba kimoja huenda hilo lisiwe neno, ila kwa aliyejijengea, mabati na mbao ndiyo akiba yake yote, na angepewa asubuhi moja tu angeng'oa misumari akahamisha nyumba yake mgongoni. Shilingi 10,000 ambazo Rais aliahidi kila familia iliyohamishwa ni kodi ya chumba ya miezi miwili au mitatu, bila kuhesabu amana.

Ajabu ni kwamba janga jingine letu la miaka nenda miaka rudi tumelipangia vizuri zaidi. Ukame una Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na mamlaka hiyo hutoa taarifa za tahadhari kila mwezi, kaunti kwa kaunti. Mafuriko hayana chombo cha namna hiyo. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali kuu na za kaunti jukumu la kukabili majanga, kisha gavana anamtazama waziri, na waziri anamtazama gavana. Fedha nazo zina mlango wake: Kifungu cha 208 kimeanzisha Hazina ya Dharura, na kaunti zinaruhusiwa kuwa na hazina zao. Mwananchi anayetaka kujua kaunti yake imetenga kiasi gani kabla ya mvua kunyesha atazungushwa ofisi hadi ofisi.

Wabunge wamekuwa na miswada ya kudhibiti majanga mezani mwao kwa miaka mingi. Waipitishe wakiwa wameandika ndani yake kwamba amri ya kuhama iambatane na jina la mahali pa kuhamia, kwamba iwe na tarehe ya kuisha, na kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa kwa kisingizio cha mafuriko bila notisi ya Sheria ya Ardhi au tangazo la Kifungu cha 58. Shule zisigeuzwe kambi kwa kukosa mahali pengine, kama ilivyokuwa Mei 2024, muhula ulipoahirishwa na watoto wakabaki nyumbani, wale waliokuwa bado na nyumba.

Mkazi wa Huruma,
Nairobi